Kisukari cha aina ya pili, vipimo vya damu na mishipa midogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wagonjwa na wanaowauguza, kuanzia Nakuru na Kericho hadi Kisumu, Kakamega na Busia. Namba za sukari zilizomo ni za milimoli kwa lita, kama zinavyoonekana kwenye glukomita (mashine za kupima sukari kidoleni) nyingi zinazouzwa Kenya. Ikiwa yako inaandika 126 au 180, gawanya kwa 18.

Sukari yangu ya asubuhi kidoleni huwa 6 au 7. Mbona bado natumwa maabara kupima HbA1c?

Kidole kinasema habari za dakika ile tu. Mtu akijua kesho ni kliniki, usiku anakula mboga, asubuhi anaruka chai, anafika saa mbili akiwa na 6.4 na kila mtu anafurahi. Siku za kawaida, saa kumi jioni baada ya ugali na soda, huenda yuko 14 na hakuna anayeandika.

HbA1c hupima sukari iliyoshikana na himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na sukari ikishashikana nayo haibanduki mpaka chembe ife. Ndiyo maana wengi hukiita kipimo cha miezi mitatu, ingawa miezi hiyo haina uzito sawa: karibu nusu ya namba hutokana na siku 30 za mwisho. Huhitaji kufunga kula.

Kulinganisha na glukomita yako: HbA1c ya asilimia 7 ni sawa na wastani wa 8.6, ya 8 ni 10.2, ya 9 ni 11.8, ya 10 ni 13.4. Daftari likionyesha wastani wa 7 na maabara ikaleta 9, mara nyingi tatizo ni saa unazopimia. Kwa wiki mbili pima pia saa mbili baada ya chakula cha jioni, utaona ilikojificha. Kabla ya kulaumu mashine, nawa mikono kwa sabuni na uikaushe: maji ya embe au ya miwa kwenye kidole yanatosha kupandisha namba. Na vibanzi vya kupimia visikae juu ya friji wala kwenye dashibodi ya gari, kwa sababu joto na unyevu huviharibu kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye kopo.

Lengo la HbA1c ni ngapi?

Kwa watu wazima wengi ni chini ya 7. Kwa mzee anayeishi peke yake, ambaye sukari ikishuka anaanguka, 8 inatosha na ni salama zaidi. Kisukari chenyewe hutangazwa kuanzia 6.5.

Hiyo mishipa midogo ni ipi, na kwa nini sukari huionea?

Ni ile myembamba kiasi kwamba chembe nyekundu hupita moja moja, zikifuatana kama watu kwenye kijia cha shambani. Imejaa mwili mzima, lakini kisukari huiharibu hasa nyuma ya jicho, kwenye figo na kando ya neva za miguu.

Seli za misuli husubiri insulini iwafungulie sukari mlango. Seli zinazotanda ndani ya mishipa hii hazisubiri: sukari ya damu ikipanda, na ndani yake hupanda papo hapo, zipende zisipende. Miaka ikipita, ukuta wa mshipa unakuwa mnene na wakati huohuo unavuja. Jichoni, seli zinazoushikilia mshipa hufa, mshipa unafanya vivimbe vidogo, unavuja maji na mafuta, kisha unaziba. Sehemu iliyokosa damu inaotesha mishipa mipya dhaifu inayopasuka kirahisi. Kwenye figo, ambayo kila moja ina vichujio kama milioni moja, protini iitwayo albumini huanza kupenya kwenda kwenye mkojo. Kwa neva, zile ndefu kuliko zote hukosa damu kwanza, na ndiyo sababu ganzi huanzia vidole vya miguu, si mapajani.

Utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao UKPDS, katika uchambuzi wa mwaka 2000, ulionyesha kuwa kila HbA1c iliyo chini kwa asilimia moja nzima, kama 8 badala ya 9, iliendana na madhara ya mishipa midogo yaliyo pungufu kwa asilimia 37 hivi. Hapakuonekana mpaka ambao chini yake faida inakoma. Kwa hiyo aliyetoka 11 akafika 9 amefanya kazi kubwa, na si haki kumkaripia kliniki kwa kuwa hajafika 7.

Je, HbA1c inaweza kudanganya?

Ndiyo, na huku kwetu inadanganya zaidi ya pengine. Swali hili lingestahili kuulizwa kila kliniki kuanzia Nyando hadi Malaba.

Kanda ya Ziwa na Magharibi ni kati ya sehemu za Kenya zenye watu wengi wanaobeba seli mundu, kwa kuwa ni ukanda wa malaria. Mwenye AS, yaani mbebaji asiyeumwa, huenda hajui kabisa. Mashine nyingine za HbA1c huchanganywa na himoglobini S, yaani ile ya seli mundu, na kutoa namba isiyo sahihi. Hata zile zisizochanganywa, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulikuta wabebaji wana HbA1c iliyo chini kwa takriban 0.3 kuliko wenzao wenye sukari sawa. Kwa mwenye SS, yaani mgonjwa wa seli mundu, kipimo hiki hakifai, maana chembe zake hufa kabla hazijakusanya sukari.

Kanuni ni moja tu: chochote kinachofupisha maisha ya chembe nyekundu kinashusha HbA1c kwa uongo. Malaria kali iliyomaliza damu hufanya hivyo. Ukosefu wa kimeng'enya cha G6PD hufanya hivyo, hasa kwa wanaume. Kuongezewa damu huchanganya kabisa, kwa kuwa sasa unapima na sukari ya aliyejitolea. Upungufu wa madini ya chuma ni kinyume: chembe zinazeeka bila kubadilishwa, na namba hupanda kwa uongo, mama mwenye hedhi nzito anaweza kuongezewa dawa asizohitaji.

Kwa wanaotumia ARV, HbA1c mara nyingi husoma chini kuliko sukari halisi. Aliye na dolutegraviri akumbuke jambo la pili: dawa hiyo ya ARV hupandisha kiasi cha metformini, dawa ya kisukari, mwilini, na kwa kawaida metformini haivushwi miligramu 1000 kwa siku. Ikiwa kliniki ya sukari na ile ya ARV ziko majengo mawili tofauti, beba kadi zote mbili kila unapokwenda.

La kufanya: mwambie daktari kama umeugua malaria kali au umeongezewa damu ndani ya miezi mitatu. Pima hemogramu (hesabu kamili ya chembe za damu) pamoja na HbA1c, angalau mara ya kwanza. Uliza maabara kama mashine yao huathiriwa na himoglobini S. Fundi wa maabara anayejua kazi yake atakujibu bila kununa. Namba zikikataa kupatana, amini daftari la kidole lenye vipimo vya kabla na baada ya kula, au omba fruktosamini, kipimo kinachosimulia wiki mbili hadi tatu na kisichotegemea himoglobini, mradi albumini ya damu si ya chini.

Walichovya kijiti kwenye mkojo wakasema hakuna protini. Si figo ni nzima?

Si lazima. Kijiti cha kawaida huona protini ikiwa tayari imekuwa nyingi. Mvujo wa mwanzo, ule ambao bado unaweza kurudishwa nyuma, hakiuoni. Kipimo chenyewe ni uwiano wa albumini kwa kriatinini (taka ya misuli) kwenye mkojo, na unatoa kopo moja tu, si mkojo wa saa 24. Chini ya miligramu 3 kwa milimoli ni sawa. 3 hadi 30 ni mvujo wa kati. Zaidi ya 30 ni mwingi. Maabara ikiandika miligramu kwa gramu, mipaka ni 30 na 300.

Peleka mkojo wa kwanza wa asubuhi ukiweza. Usipeleke ukiwa na homa, maambukizi ya njia ya mkojo au hedhi, wala siku moja baada ya kazi nzito kama kulima kutwa au kukimbia, maana hayo yote huvujisha albumini kwa muda. Jibu moja baya halitoshi kumwita mtu mgonjwa wa figo. Rudia, na ikiwa mara mbili kati ya tatu ndani ya miezi mitatu hadi sita ni juu, hapo ni kweli.

Kriatinini ya damu ya bibi ni mikromoli 98 kwa lita na fomu haina alama nyekundu. Tuache?

Msiache. Kriatinini hutoka kwenye misuli, kwa hiyo 98 ya kijana na 98 ya bibi mwembamba si kitu kimoja. Kwa fomula ya CKD-EPI ya mwaka 2021, kijana wa kiume wa miaka 30 mwenye 98 anachuja takriban mililita 92 kwa dakika, ambayo ni nzuri. Bibi wa miaka 70 mwenye 98 hiyohiyo anachuja kama 53. Namba hiyo ya uchujaji huandikwa eGFR. Isipoandikwa, iulizeni, kwani inahitaji umri, jinsia na kriatinini tu. Ikikaa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu, figo zimedhoofika. Chini ya 45 metformini hupunguzwa, chini ya 30 husimamishwa.

Nyama iliyopikwa hupandisha kriatinini kwa saa kadhaa. Kwa hiyo usiku wa kuamkia kipimo nyama choma ingoje.

Presha yangu si mbaya sana, lakini nimeandikiwa enalaprili. Kwa nini?

Enalaprili na ndugu yake losartani hupunguza msukumo ndani ya vichujio vya figo na hivyo hupunguza albumini inayovuja. Ni moja au nyingine, kamwe si zote mbili pamoja, na si kwa mwenye mimba. Enalaprili ikikuletea kikohozi kikavu kisichoisha, usinunue dawa ya kikohozi. Omba kubadilishiwa kwenda losartani.

Wiki moja hadi mbili baada ya kuanza, pima kriatinini na potasiamu. Kriatinini ikipanda hadi asilimia 30 hilo linatarajiwa, dawa haiachwi. Ikizidi hapo, au potasiamu ikipanda, rudi upesi. Ukiharisha au kutapika, mpigie daktari simu uulize kama uisimamishe kwa siku hizo. Figo iliyokauka maji na yenye dawa hii huweza kuzima ghafla.

Adui mkubwa hapa ni dawa ya maumivu kutoka duka la dawa. Diklofenaki na ibuprofeni za magoti, zikikutana na enalaprili na dawa ya kukojosha, huwa mkong'oto wa watatu dhidi ya figo mbili. Parasetamoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi.

Siku hizi wengine huandikiwa pia dapaglifozini au empaglifozini, ambazo hulinda figo na moyo. Huleta fangasi sehemu za siri, kwa hiyo usafi na maji ya kunywa ni muhimu. Ukiwa mgonjwa huli, zisimamishe na uombe ushauri siku hiyohiyo: zinaweza kuleta asidi kwenye damu hata sukari ikionekana ya kawaida.

Kuna kipimo cha damu cha macho?

Hakuna. HbA1c husema hatari ni kubwa kiasi gani, haisemi jicho liko vipi. Na uwezo wa kuona hautoshi: retina, utando wa nyuma ya jicho, inaweza kuwa imejaa vivimbe na damu huku unasoma ujumbe wa simu bila miwani. Kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti walipima macho ya maelfu ya watu wa miaka 50 na zaidi katika eneo la Nakuru. Miongoni mwa waliokuwa na kisukari, takriban theluthi moja retina zao tayari zilikuwa na madhara.

Kwa kisukari cha aina ya pili jicho hupimwa mwaka uleule ugonjwa unapogunduliwa, kwa sababu wengi wamekaa nao miaka bila kujua, kisha kila mwaka. Utatiwa matone ya kupanua mboni, nawe utaona ukungu kwa saa kadhaa. Usiendeshe gari wala boda boda kurudi nyumbani. Njoo na mtu, na kofia. Huduma za macho zipo katika hospitali kuu za rufaa za Kisumu na Nakuru, na Vihiga kuna Hospitali ya Macho ya Sabatia. Piga simu kwanza ujue siku za kliniki ya retina.

Ukiona nyuzi au madoa meusi mengi yameanza ghafla, au kama pazia limeshuka, nenda siku hiyohiyo.

Mambo mawili ambayo watu hukosea. La kwanza, kununua miwani mpya sukari ikiwa inapanda na kushuka: lenzi ya jicho huvimba na sukari, na miwani hiyo haitakufaa mwezi ujao. Ngoja wiki kadhaa itulie. La pili, mwenye HbA1c ya 13 anayeanza insulini apimwe retina mapema, kwani kushusha sukari kwa kasi huweza kuzidisha madhara ya jicho kwa muda mwanzoni. Hiyo si sababu ya kuikataa insulini. Ni sababu ya kupimwa.

Nyayo zinawaka moto usiku. Ni sukari?

Huenda, lakini si kila ganzi ya mwenye kisukari ni ya kisukari. Metformini ikitumiwa kwa miaka hupunguza vitamini B12, na upungufu huo huleta ganzi ileile. Isoniazidi ya kifua kikuu bila vitamini B6, virusi vya ukimwi, na chang'aa ya kila siku nazo huua neva. Kati ya hizo, B12 ndiyo inayopimwa kwa damu na kutibiwa kirahisi, lakini mara nyingi hakuna anayeifikiria.

Ganzi ya kisukari yenyewe hupimwa mguuni, bila damu: uzi wa nailoni wa gramu 10 unaobonyezwa chini ya vidole mpaka upinde, na uma wa mtetemo kwenye kidole gumba. Ni dakika tano. Kliniki isiyokuvua viatu mara moja kwa mwaka, vua mwenyewe uwaombe.

Mguu usiohisi huungua bila habari. Kuloweka miguu kwenye maji ya moto na chumvi, jambo ambalo wengi huliona ni tiba, kumeacha watu na malengelenge yaliyogeuka vidonda vya miezi. Pima maji kwa kiwiko. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa, angalia nyayo kila jioni kwa kioo au kwa macho ya mjukuu, na kidonda hata kisichouma kipelekwe kliniki kesho yake. Kwa ule moto wa usiku, amitriptilini ya miligramu 10 hadi 25 kabla ya kulala husaidia wengi. Wazee na wenye matatizo ya moyo au kukojoa waulize kwanza.

Maabara inauza kifurushi chenye CRP, asidi ya yuriki, homosisteini na uwiano wa chembe nyeupe. Ninunue?

Hapana. Ni kweli tafiti huzikuta namba hizo zikiwa juu kidogo kwa watu wenye madhara ya figo na macho, lakini hupanda pia kwa malaria, mafua na jino bovu. Hakuna daktari atakayebadilisha dawa yako kwa sababu yake. Pesa hiyo ilipie uwiano wa albumini.

Sampuli yangu ilitolewa Bondo ikapelekwa Kisumu. Majibu ni ya kuaminika?

Inategemea kichupa. Chembe za damu huendelea kula sukari ndani ya kichupa, asilimia 5 hadi 7 kwa saa, na joto huzidisha. Damu iliyokaa saa nne kwenye kichupa cha kawaida itakusingizia sukari nzuri. Ya sukari huwekwa kwenye kichupa cha kifuniko cha kijivu chenye floraidi, ingawa hata hicho huchukua muda kabla ya kusimamisha ulaji huo. Ya HbA1c hutumia cha zambarau na hustahimili siku kadhaa kwenye ubaridi. Potasiamu ndiyo dhaifu kuliko zote: sindano ngumu, ngumi iliyofungwa na kufunguliwa mara nyingi, au safari ndefu ya boda boda, vyote huipandisha. Ikija juu wakati kriatinini ni nzuri, irudie kabla ya kuogopa.

Pesa ni kidogo. Nianze na kipi?

Presha na miguu kwanza, kwa sababu havihitaji maabara. Kisha kriatinini na albumini ya mkojo mara moja kwa mwaka, na HbA1c kila miezi mitatu dawa zinapobadilishwa, kila miezi sita zikitulia. Kama HbA1c haiwezekani kabisa, vibanzi kumi vilivyotumiwa kwa mpango, kabla na saa mbili baada ya kula, vitamfaa daktari kuliko vibanzi hamsini vya asubuhi. SHA, bima ya afya ya taifa, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Uliza dirishani, kabla ya kutolewa damu, ni vipimo gani SHA inavilipia katika hospitali hiyo.

Madhara hurudi nyuma?

Albumini ya mwanzo huweza kushuka hata kurudi kawaida. Leza na sindano za jicho huokoa uwezo uliobaki na mara nyingine hurudisha kidogo. Ganzi iliyokomaa hairudi kwa wengi.

Baba alikuwa na sukari ya 12 kila siku. Sasa kwa dawa zilezile iko 5, na HbA1c imeshuka hadi 6. Amepona?

Kabla ya kushangilia, pimeni kriatinini wiki hii. Figo ndizo huondoa sehemu kubwa ya insulini ya sindano, na zikichoka, dozi ileile hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Glibenklamidi, kidonge cha sukari, ni hatari zaidi, maana hujilimbikiza na huweza kumwangusha usiku wa manane. HbA1c nayo hushuka kwa uongo, kwa kuwa kwenye ugonjwa mkubwa wa figo chembe nyekundu huishi siku chache. Mkiona amekonda, miguu imevimba jioni, hamu ya chakula imepotea au anatoka jasho jingi alfajiri, msisubiri tarehe ya kliniki. Pimeni kidole saa tisa usiku; ikiwa chini ya 4 na anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15, na asubuhi mwende naye na dawa zake zote mkononi ili dozi ipunguzwe. Akiwa hajitambui msimtie chochote kinywani. Mlazeni ubavu na mtafute gari.